Mashine Pale Mto Unapoingia Ziwani

Mimi si mtu wa kushangazwa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili tuelewane. Mtu aliyeanza kwa kuuza chai ya rangi kwa madereva pale Ipogolo, birika moja na vikombe vitatu vya bati, halafu akawa utingo wa malori ya Zambia, halafu akanunua lori lake mwenyewe, mtu huyo amekwisha kuona kila aina ya binadamu. Nimeona dereva mwenye mwili kama nyati akilia kwenye kona za Kitonga. Nimeona tajiri wa tumbaku kule Chunya akitembeza godoro lake apate mteja. Darasa nililofika ni la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, lakini wenye vyeti walikuwa wananiita mzee wakati kichwani sina mvi hata moja.

Basi sikiliza yaliyonipata Kyela.

Nilikuwa nateremka huko na lori kuchukua ndizi za kupeleka Mbeya na Iringa. Siku moja gari lilikwama karibu na ziwa, pale mto unapoingia Nyasa, nikakaa pale nikisubiri spea. Kila nyumba nilisikia mchi. Twanga, twanga, asubuhi mpaka jioni. Akina mama wanatwanga mpunga mpaka mikono inatetemeka, na mpunga wenyewe ni ule wa Kyela, ukipikwa jirani anakuja kuuliza mna mgeni gani. Tena mitumbwi ilikuwa inakuja pale kutoka pande zote, mingine inateremka na mto, mingine inafuata ufuko. Nikajiuliza, watu wote hawa waliosoma wamepita hapa, hakuna aliyeona? Kununua na kuuza mpunga ilikuwa kazi ya serikali, lakini kumkobolea mtu chakula chake hakuna aliyekataza.

Nikauza nyumba yangu ya Ipogolo. Nikanunua injini ya dizeli na kinu cha kukobolea, nikavibeba kwa lori langu mwenyewe, nikamwaga zege kwa mikono yangu mwenyewe, hatua chache tu kutoka mahali mitumbwi inapoegeshwa. Siku ya kwanza nilipoiwasha, watoto walikimbilia migombani. Siku ya tatu foleni ya madebe ilifika kwenye mchikichi mkubwa uliosimama ufukoni. Mwenyekiti wa kijiji alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Ndaga fijo, asante sana, umewapumzisha wake zetu." Mimi, mtoto wa Kihehe niliyefika pale nikiwa simjui mtu. Nikaoa palepale, nikajenga nyumba ya bati, nikachimba choo nikakisakafia kwa saruji. Choo cha saruji, wakati huo hata mwenyekiti hakuwa nacho.

Mtu wangu wa karibu kule alikuwa Mngoni kutoka Songea, ofisa mdogo wa mipango pale wilayani. Kazi yake ilikuwa kupanga vijiji vikae wapi, barabara ipite wapi, shule iwekwe wapi. Tulipoulizana makabila tu, tukaanza kutukanana papo hapo, kwa sababu Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana vita, hakuna aliyemshinda mwenzake, wakatuachia utani. Maana yake, mtani wako anaweza kuingia nyumbani kwako akafunua chungu akala. Anaweza kukuvua kofia sokoni. Huruhusiwi kununa. Na kati yenu hela haipiti. Ukimdai mtani au ukimlipa, umemwambia kwamba yeye si mtani tena.

Alikuwa akija kijijini analala kwangu. Anakula wali wangu, anafuta mdomo, anasema mbele ya mke wangu, "Shemeji, huyu Mhehe umempa nyama ya mbuzi? Amezoea ile inayobweka."

Mimi namjibu, "Kula haraka, Mngoni, usije ukasikia mpira wa gari umepasuka ukadhani ni bunduki, ukakimbia na sahani. Nyie mlitoka kusini mbio, mpaka leo hamjapumzika."

"Sisi tulikimbia. Nyie mlibaki mnamsubiri mbwa aive."

Mke wangu alikuwa akicheka mpaka anaweka kanga mdomoni. Watu wa Kyela walikuwa wanajaa uani kutusikiliza sisi wawili kama wanasikiliza redio.

Lakini utani una mlango wa kutokea. Watani wakitaka kusema jambo la kweli, mmoja anasema, "Utani kando." Hapo sura zinabadilika. Hapo mnazungumza kama ndugu wa tumbo moja. Kwa miaka ile yote tulikuwa tumelitumia neno hilo mara chache sana. Alilitumia mtoto wake alipougua, nikampeleka hospitali Tukuyu kwa lori kwenye mvua. Nililitumia mimi nilipofiwa na mama. Neno lile kwetu lilikuwa kama kiapo.

Sasa, mwishoni mwa miaka ile ya sabini, ziwa likaanza tabia mpya. Siku zote ziwa lilikuwa linapanda wakati wa mvua, kiangazi linarudi. Mwaka mmoja halikurudi. Mwaka uliofuata likapanda juu ya pale pale lilipokomea. Ule mchikichi wa ufukoni ukawa umesimama majini. Wageni wakaja kutoka mkoani na vyombo vyao vya kupimia vya miguu mitatu, mtani wangu akiwa nao amebeba ramani, wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kuanzia mtoni mpaka karibu na shule. Kimoja walikipigilia nyuma ya mashine yangu, upande wa mbali na ziwa. Maana yake mashine ilikuwa ndani ya maji yao ya kwenye karatasi.

Mkutano ukaitishwa. Mkubwa wa wale wageni akaeleza, na alieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema mvua za milimani zimebadilika, zinanyesha nyingi kwa mkupuo. Alisema maji ya ziwa hili lote yana mahali pamoja pa kutokea, mbali huko Malawi, na yanatoka polepole. Ziwa likiwa juu, mto unakosa pa kumwaga, unarudi nyuma na kulala mashambani. Kwa hiyo mpango ni kijiji kipande kwenye ule mgongo wa ardhi kando ya barabara kabla maji hayajaamua yenyewe. Kutakuwa na viwanja vya nyumba, zahanati, shule, na kiwanja kimoja cha mashine.

Watu waliguna. Hawakuwa na miaka mingi tangu wahamishwe kutoka mabondeni kwao wakaletwa pale kwenye mistari ya nyumba za kijiji cha ujamaa. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Mlituambia tuje hapa tuwe karibu na maji. Leo mnatuambia maji yako karibu. Mnataka nini hasa?" Watu wakacheka, hata wageni wakacheka.

Nikasimama mimi. Nilikuwa najua kusimama. Nikasema, "Mimi Mhehe. Zege lile nimelimwaga mwenyewe. Kama ziwa linataka mashine yangu, lije liombe kwa heshima." Makofi. Nikamgeukia mtani wangu pale alipokaa na ramani magotini. "Wakimbie Wangoni, ndiyo kazi yao."

Naye akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kuigiza msiba, "Ndugu zangu, Mhehe huyu maji yatamkuta hapo hapo. Mtamwona anaogelea na kinu shingoni, mbwa wake yuko mbele anamwonyesha njia. Mimi nitakuwa kule juu nakula wali, nitampungia mkono."

Kijiji kizima kilianguka kwa kicheko. Nami nilicheka, machozi yalinitoka.

Nyumbani mke wangu hakuwa anacheka. Alikuwa ameshatoa vyungu vya mama yake kwenye sakafu, amevipanga juu ya dari.

"Baba watoto," akaniambia, "vile vigingi siyo utani."

"Wewe unaamini kijiti kilichopakwa rangi?"

"Naamini choo. Nenda kaangalie choo chako cha saruji."

Nikaenda. Shimo nilichimba mwenyewe, refu kuliko kaburi, na maji yalikuwa yanaonekana mle ndani, yanakaribia kuja kunisalimia. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Yalikuwa yanapanda kutoka chini. Kuihamisha ile mashine hakukuwa sawa na kuhamisha kitanda. Ilitakiwa kufunguliwa boliti, kunyanyuliwa na watu wengi, zege jipya limwagwe juu, likauke vizuri, na muda wote huo usikoboe hata debe. Na kile kiwanja kimoja cha mashine ilibidi ukiombe wilayani mapema. Nikasema sitaki kubahatisha, nitamuuliza anayejua.

Alipokuja tena nilimchukua tukatembea mpaka kwenye mashine, tukakaa juu ya magunia ya pumba. Nikamwambia, "Utani kando."

Sura yake ikabadilika, kama ilivyotakiwa. "Sema, ndugu yangu."

"Wewe ndiye unayeshika ramani. Maji yatafika hapa? Niombe kile kiwanja cha juu?"

Aligeukia mto. Matete yalikuwa yanatikisika na upepo wa ziwa. Akasema, "Utani kando. Kaa. Wale wa mkoani wanapima ili waonekane wamepima. Mpango utalala kwenye kabati kama mingine. Ukihangaika kuhama sasa, utapoteza wateja wa msimu mzima bure. Na hata maji yakifika kwenye kile kigingi, mimi mwenyewe nitakuletea trekta ya wilaya, tutaivuta mashine yako kwa siku moja."

"Unanihakikishia?"

"Nimesema utani kando."

Nikampa mkono. Nikalala usingizi mzuri.

Muda si mrefu akaniomba lori. Alisema wanajenga zahanati kule juu, hakuna gari la kubeba mchanga na kokoto, wilaya haina mafuta. Dizeli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi siku zile, vita vya Uganda vimeimeza yote, na yangu nilikuwa naitunza kama dawa. Lakini mtani kaomba. Nikabeba mchanga kutoka mtoni, kokoto, na mifuko ya saruji, safari baada ya safari, sikuchukua hata senti. Nilisimama pale nikaona mafundi wanamalizia msingi mdogo, mnene, katikati ya uwanja. Nikamtania, "Zahanati gani hii? Ya kutibu kuku?"

Akacheka. "Hapo ni pa tangi la maji, Mhehe. Nyie tangi mnalijua kweli?"

Mimi, niliyemwaga zege la mashine kwa mikono hii, nilisimama juu ya zege la mashine nikaambiwa ni tangi nikakubali. Kwa sababu aliyeniambia ni nani? Angekuwa mtu mwingine ningeuliza boliti ziko wapi.

Masika yakaja. Maji hayakuja kwa kelele, kama wengi wanavyodhani. Asubuhi moja nilikuta mto umesimama. Siyo kwamba ulikuwa umekauka. Ulikuwa umejaa lakini hauendi kokote, majani yaliyokuwa yanaelea yalikaa mahali pamoja. Baadaye kidogo yakaanza kwenda, lakini yanapanda, yanaelekea milimani. Ziwa lilikuwa linausukuma mto kurudi ulikotoka. Kufika mchana kile kigingi chekundu kilikuwa kimebaki kichwa tu.

Nilimtuma kijana wa baiskeli kwa mtani wangu wilayani: mwambie maji yamefika kwenye kigingi. Halafu nikaingia majini na spana. Wanaume wa kijiji walikuja kunisaidia, naomba hilo lijulikane, wengine nyumba zao zenyewe zilikuwa zinaingia maji. Boliti zilikuwa chini ya maji, tukawa tunazitafuta kwa vidole. Mbili zilifunguka. Mbili zilikataa, zilikuwa zimeshikwa na kutu. Lori nililileta karibu, likazama kwenye tope mpaka ekseli. Kina mama walikuwa wanaokoa madebe ya mpunga waliyokuwa wameyaacha foleni, wanayabeba kichwani, maji kiunoni.

Halafu tukasikia trekta.

Ilikuwa inakuja kutoka upande wa barabara, kule juu, inaunguruma vizuri kabisa. Nilinyanyua spana juu nikapiga kelele, "Mnamsikia? Mnamsikia mtani wangu? Mngoni leo anakimbia kuja!" Watu wakashangilia. Mwenyekiti akaniambia nipumzike, nguvu imefika. Nikatoka majini, nikakaa kwenye gogo, nikamwambia mke wangu alete chai, tena aongeze kikombe cha mgeni.

Trekta ikaunguruma, ikaunguruma, kisha ikazimika. Kule kule juu.

Tulisubiri. Chai ya mgeni ikapoa. Mwishowe nilipanda mwenyewe, tope mpaka magotini, spana bado mkononi. Nilipofika kwenye uwanja wa zahanati niliiona trekta ya wilaya, na nyuma yake tela, na juu ya tela injini ya dizeli mpya, bado ina grisi ya dukani. Na ule msingi wangu, ule wa mchanga wangu, ulikuwa umesimamisha boliti nne zinang'aa. Mafundi walikuwa wanapima urefu wa mkanda. Mtani wangu alikuwa amewapa mgongo, anawaelekeza.

Alipogeuka akaniona, kitu cha kwanza alichosema ni hiki, "Mhehe, umeogelea?"

Hakuna aliyecheka. Nikamuuliza, "Mashine ya nani hii?"

"Ya shemeji yako." Maana yake mke wake. Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuwa na biashara siku zile, kwa hiyo kiwanja kile kimoja cha mashine kilikuwa kimeombwa kwa jina la mke, mapema kabisa, kabla hata ya mkutano ule wa makofi.

"Uliniambia nikae."

Akafungua mikono, akatabasamu kidogo, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mtani, mbona nilikuambia? Mbele ya kijiji kizima. Nilisema maji yatakukuta pale pale, nilisema mimi nitakuwa juu. Si ulicheka mwenyewe?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Si injini, si lori. Alikuwa ameniambia ukweli kwenye utani, mahali ambapo kila mtu anajua ukweli haukai, na uongo akauweka mahali pa kiapo. Ningekwenda kulalamika kwa nani? Kwa mwenyekiti? Kijiji kizima kilikuwa shahidi kwamba alinionya. Nikarudi chini. Mke wangu aliponiona alikimwaga kile kikombe cha mgeni kwenye maji yaliyokuwa mlangoni.

Mashine yangu ilikaa majini masika yote. Nilipokuja kuifungua, ilikuwa na tope kama kopo lililookotwa ziwani, na samaki mdogo amefia kwenye bomba la moshi. Kijiji kikapanda juu kwenye mistari mipya, nasi tukapanda na wengine, mke wangu na vyungu vyake vyote bila kuvunjika hata kimoja. Pale juu palikuwa pazuri, nisiseme uongo. Wale wa mkoani walikuwa wamepanga vizuri, maji hayakufika kwenye mstari hata mmoja. Mpango haukunidhuru mimi. Aliyeushika ndiye aliyenidhuru.

Kwa muda mrefu mke wangu alitwanga. Nyumbani kwa mwenye mashine, mchi ukarudi. Nilikuwa naondoka asubuhi nisiusikie. Mpaka siku moja aliweka mchi chini, akanionyesha viganja vyake, akasema, "Baba watoto, mimi siwezi kutwanga kwa ajili ya hasira yako."

Tukabeba madebe yetu matano tukaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na watu waliponiona walinipisha, wakatega masikio. Walikuwa wanajua tutaanza. Walikuwa wamekosa redio yao muda mrefu.

Mtani wangu alikuwa amesimama mlangoni, nyusi zimejaa pumba. Uso wake ulifurahi kweli. Sikuona unafiki, na ndiyo maana mpaka leo simwelewi. Akapaza sauti, "Jamani, mbwa yuko wapi? Leo Mhehe kaja bila kitoweo! Pitisha, pitisha, huyu ni mtani wangu, mkobolee wa kwanza!"

Watu wakanigeukia, wanasubiri jibu. Nilikuwa nalo. Nilikuwa na majibu kumi, mazuri, ya Wangoni na mbio zao. Yote yalikuwa yamenifika kwenye ulimi.

Nikasema, "Debe bei gani?"

Akacheka, halafu akaacha. "Wewe? Bei? Tangu lini wewe na mimi..."

"Utani kando. Debe bei gani?"

Mashine ilikuwa inaunguruma nyuma yake, mkanda unazunguka. Aliniangalia usoni, akatafuta, hakukuta kitu. Akasema kwa sauti ndogo, "Shilingi moja na nusu."

Nikamngoja mke wangu afungue pindo la kanga. Nikahesabu mkononi mwa yule Mngoni, mbele ya foleni yote, naye akapokea: shilingi saba na senti hamsini.